Shajara ya Karani wa Uraia

Jumatatu

Mimi ni karani katika ofisi moja ya Deira, Dubai, inayowapatia watu uraia wa visiwa vya Karibi. Hatusemi "kuuza". Tunasema "mchango". Bosi amelikataza hilo neno la kwanza hata kwenye simu.

Mteja wa leo ni mzee wetu wa Mombasa, mwenye duka la spea kuukuu za magari kule Sharjah. Anaitaka Grenada. Nikamweleza mchango: dola 235,000 kwa familia isiyozidi watu wanne, na hana haja ya kwenda kuishi huko. Akauliza kama chai imo.

Nikashuka kununua chai. Kwa pesa yangu.

Jumanne

Foleni ya kuthibitisha vyeti. Saa mbili na nusu, kwa miguu yangu miwili.

Cheti cha kuzaliwa kinasema Muhamad. Pasipoti inasema Mohamed. Cheti cha ndoa kinasema Mohammed, na kina doa la samli. Wa dirishani akaniuliza hawa ni watu wangapi. Nikasema mmoja. Akasema basi huyo mmoja akaape kwa wakili kwamba hao watatu ni yeye.

Tukaenda kwa wakili. Kiapo kikachapwa, kikapigwa muhuri, kikalipiwa. Jioni nimekisoma. Kinasema Mohamad.

Jumatano

Leo ni chanzo cha fedha. Kila mwombaji huchunguzwa, na wachunguzi hutaka kujua pesa zilianzia wapi. Mzee akaleta ushahidi wa miaka 20 ya biashara ndani ya katoni ya tambi. Ni risiti za mashine, zile ambazo maandishi yake hufifia. Yamefifia. Nimeskani karatasi nyeupe 212, mbele na nyuma.

Mchana akanifungulia moyo. Anachotaka hasa ni Marekani, maana amesikia Mgrenada mwenye mtaji hupewa viza ya kwenda kufanya biashara kule. Nikamwambia ni kweli, ila tangu mwisho wa 2022 aliyeupata uraia kwa uwekezaji sharti awe amekaa Grenada miaka 3 mfululizo kwanza. Akanitazama kama kwamba sheria ile niliipitisha mimi.

Kisha akampigia nduguye wa Tanga, ambaye naye anautaka. Mkenya hana shida, katiba ya 2010 inamruhusu kuwa na uraia wa nchi mbili. Mtanzania mtu mzima akichukua wa pili, wa kwanza unamponyoka. Mzee akasema, "Mwanangu, mwambie wewe, mimi siwezi." Nikamwambia. Akakata simu.

Alhamisi

Mahojiano kwa video. Mwaka 2023 visiwa hivi vilikubaliana na Marekani kwamba waombaji wahojiwe, na sasa wanahojiwa saa ambayo Karibi kumekucha na mimi natakiwa kuwa nyumbani. Mzee amekuja na koti juu, kikoi chini, na bi mkubwa pembeni akitafuna karafuu.

Afisa akamuuliza anaijua nini Grenada. Hapo mzee akang'ara. Akasema bendera yao ina kungumanga. Kweli inayo. Lakini hakuishia hapo. Akaeleza kungumanga inavyokaushwa, na basibasi inavyobanduliwa, na kwamba ya Zanzibar haina mshindani duniani. Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Akaniuliza, kwa sauti, kwa nini namkanyaga.

Bi mkubwa akaulizwa mumewe alizaliwa lini. Akajibu, "Mwaka wa mafuriko." Pasipoti inasema 1 Januari 1962. Nikatafsiri kama alivyosema, kwani ndiyo kazi yangu. Afisa akauliza mafuriko gani. Tukamaliza saa nne usiku, tukiwa bado kwenye mvua za 1961.

Ijumaa

Nusu siku ya kazi, ilivyoandikwa. Nimetoka saa kumi na moja jioni.

Kampuni ya vifurushi imepiga simu kwamba bahasha yetu imefika salama. Imefika Granada, Hispania. Nikawaeleza kwamba yetu ni Grenada, yenye e, na iko baharini. Wakaniomba niandike barua ya malalamiko. Fomu ya malalamiko ina orodha ya nchi za kuchagua. Grenada haimo.

Jumamosi

Siku ya mapumziko. Nimeikagua pasipoti yangu, ambayo ni moja. Imebakiza miezi minne. Nimeingia kwenye mtandao kuomba miadi ya kuibadilisha, na nafasi ya karibu ni baada ya miezi mitano.

Mzee amepita kuchukua risiti zake. Amezitia kwenye mfuko wa nailoni na kuniachia ile katoni, eti shukrani. Mlikuwa na pakiti mbili za tambi chini kabisa. Muda wake uliisha mwaka juzi.