Pikipiki ya Msimu wa Korosho

Minada ya korosho ikianza Oktoba na malipo yakishaingia, vijana wa Masasi wanakumbuka ghafla kwamba pikipiki zao ni nzito. Hedi inachongwa ili mgandamizo upande, ekzosi inatolewa matumbo, na chombo cha cc 125 kilichotoka kiwandani na adabu zake kinaanza kukohoa kama mashine ya kupulizia salfa. Hongera, mwanangu. Sasa unasikika Newala kabla hujafika.

Kufika ni habari nyingine. Ekzosi tupu bila kugusa kabureta, injini inavuta hewa nyingi na petroli kiduchu, inachemka. Mgandamizo ukizidi, petroli ya chupa inalipuka kabla ya wakati wake, kofi anakula pistoni. Na ule mlima wa kupandia uwanda wa Makonde haujali mlio: unataka nguvu ya gia ndogo, wewe umenunua ya spidi kubwa. Abiria anashuka, anasukuma, nauli ileile.

Sproketi kubwa zaidi ya nyuma ingepanda mlima huo kwa hela ndogo. Lakini sproketi haipigi kelele, na bila kelele mkwe atajuaje kwamba korosho zimelipa?