“Yes” ya Mwenye Njaa

Mwenyeji Mwingereza anamuuliza mgeni wake kutoka Tanga, “Haven't you eaten?” Mgeni hajatia kitu mdomoni tangu alfajiri, naye anajibu kwa adabu zote, “Yes.” Kwa Kiswahili amejibu sawasawa: umesema sijala, ndiyo, sijala. Kwa Kiingereza amesema ameshiba, na sufuria linarudi jikoni. Watu watasema huyo hajui Kiingereza. Mimi nasema anajua Kiswahili, tena vizuri mno. Makosa yetu mengi ya Kiingereza hayatokani na uvivu wala kichwa kigumu, yanatokana na utiifu: tunaifuata sarufi yetu hata pale isipotawala. Kwa hiyo mazoezi yangeanzia pale lugha hizi mbili zinapoachana njia, si ukurasa wa kwanza wa kitabu.

Chukua “he” na “she”. Kiswahili kina ngeli za kumtoa mgeni jasho, lakini hakuna hata moja inayouliza kama mtu ni mume au mke. “Anapika” ni baba, ni mama, ni yeyote mwenye mwiko. Ndiyo maana mtu na shahada yake, akiongea haraka, humtambulisha mama mkwe kama “he”, na herufi moja iliyosahauliwa ikamwotesha mama wa watu ndevu mbele ya wageni. Au tazama ile “s” ya “she cooks”. Sisi huweka alama ya nafsi mwanzoni mwa kitenzi, na kila nafsi ina yake: ninapika, unapika, anapika. Kiingereza cha leo kimezipukutisha karibu zote, kikabakiza “s” moja, kikaitundika mkiani, tena kwa nafsi ya tatu umoja peke yake. Kisha “s” hiyo hiyo ndiyo alama ya wingi kwenye nomino! Anayeandika “the boys cooks” hakubahatisha. Ametafuta upatanisho, kama “vitabu vimepotea” ilivyomzoesha.

Sasa sikiliza zoezi lenyewe. Darasa zima linaimba kama kwaya: “I go, you go, he goes, she goes.” Wimbo unatoka bila doa, kengele inalia, na nje ya mlango mama mkwe anaota ndevu upya, kwa sababu wimbo haukumlazimisha mtu yeyote kuchagua. Na gharama si kicheko tu. Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali Tanzania kwa Kiswahili hufika kidato cha kwanza akakuta biolojia na masomo mengine mengi yanamsubiri kwa Kiingereza.

Wapo watakaosema kuleta Kiswahili kwenye kipindi cha Kiingereza ni kumkabidhi mwizi funguo za duka. Tatizo ni kwamba kumfukuza kumeshajaribiwa. Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza katika Decolonising the Mind (1986) jinsi shuleni, Kenya ya kikoloni, mtoto aliyenaswa akisema lugha ya nyumbani alivyopewa kitufe, naye akamtegea mwenzake ili amkabidhi. Hapo palifunzwa upelelezi, si sarufi. Isitoshe, Kiswahili kikiachiwa hufundisha: anayehisi tofauti ya “nimesoma kitabu” na “nimekisoma kitabu” ameshaonja tofauti ya “a” na “the”, iliyobaki ni kumwonyesha. Wengine watasema mtoto hujifunza lugha kwa kuisikia tu. Kweli, akiwa anaisikia tangu kukicha hadi kulala. Anayeisikia vipindi vichache kwa wiki, kisha akatoka kwenda kucheza kwa Kiswahili, anahitaji mtu wa kumwambia shimo liko wapi.

Basi mwalimu alete picha ya bibi anayechanja kuni na babu anayepika, aulize nani anafanya nini, na asikubali jibu lisilo na “he” au “she”. Aulize maswali ya kukanusha mpaka darasa liache kukubali kila kitu. Yakizoeleka hayo, “go, went, gone” na iimbwe hata kwa ngoma, maana hiyo kweli haina dawa ila kukariri. “Went” yenyewe Waingereza waliiazima kwenye kitenzi kingine, “wend”, na mpaka leo hawajairudisha.