Kabati la Bibi Lashuka Katoro

Kabati lile la mninga babu alilinunua kwa mshahara wa Mwadui, mgodi wa almasi alioufungua John Williamson mwaka 1940. Tangu babu afariki, bibi hakutaka hata mtoto aliegemee. Tulipomhamisha kutoka Shinyanga kumleta Katoro, mkoani Geita, njia nzima aliulizia kamba.

Sakafu ya roli ilikuwa mita 1.2 kutoka ardhini, tukaegesha ubao wa mita 2.4. Bibi akataka utandikwe magunia. Shemeji, na haraka zake, akaumwagia maji ya sabuni. Vijana waliozoea kubeba viroba vya mawe kutoka duarani, yaani shimo la mgodi, hadi kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, walishika kamba barabara, lakini ikakatika kabati likiwa ukingoni. Likateleza, likavunja mtungi, mguu mmoja ukang'oka. Bibi alikaa palepale akalia.

“Uzito ndio uliolikimbiza,” shemeji akashikilia.

“Hapana, mjomba,” akasema binti yangu, msichana wa kidato cha tano. “Uzito haumo kwenye hesabu.”

Akaeleza vizuri hata nikajivunia. Kitu kizito hupata nishati nyingi zaidi kwa kushuka, lakini pia hukandamiza ubao zaidi, na msuguano huongezeka kwa kiasi kilekile. Kinachobaki kuamua ni kimo, mlalo na ubao wenyewe. Akaulowesha tena kwa sabuni, akaweka juu yake mguu uliong'oka, akainua ncha moja polepole huku akiugusagusa. Mguu ulianza kuteleza kwa mwendo usiobadilika ncha ilipofika sentimita 47, na mlalo chini yake ukiwa mita 2.35. Kimo kugawanya kwa mlalo: 0.2, kipimo cha msuguano wa ubao wenye sabuni.

Kwenye roli mlalo ulikuwa mita 2.08. Zidisha kwa 0.2: msuguano ulikula sentimita 42 za kimo, ukazigeuza joto na mkwaruzo. Sentimita 78 zilizobaki zote zikawa mwendo: mita 3.9 kwa sekunde, kilomita 14 kwa saa. Nani angelizuia?

Kwa magunia alipata 0.5. Msuguano ungekula zaidi ya mita nzima, mwendo ubaki mita 1.8 kwa sekunde, wa mtu anayetembea kwa haraka.

Sanduku la vyombo likashushwa juu ya magunia, vijana wakitembea nalo sambamba. Hakikuvunjika hata kikombe. Bibi akamwambia shemeji aende akamtafute seremala kabla giza halijaingia.