Dua Pointi Sita

Jumamosi iliyopita niliitwa kutoka Nachingwea kwenda Ruangwa kupanga bei ya dua. Sisemi bei ya shilingi. Hiyo naijua, kwa umri huu nimeshazilipia dua za kila namna. Niliitwa nikaseme dua ya shehe ni pointi ngapi, ya padri ngapi, na ya Myahudi ngapi. Aliyeniita ni mpwa wangu, na kwa mila zetu za kusini mjomba akiitwa kwa dada yake hakatai. Mila hizo hizo hazisemi nani analipa bodaboda.

Mtoto huyu tulimpeleka Dar es Salaam kusomea kompyuta. Tulitegemea arudi na kazi. Amerudi na mchezo. Na mchezo wenyewe hata si wa kompyuta, ni wa mdomo. Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, waliutoa mwaka 1974, wakauita Dungeons & Dragons. Watu wanakaa mezani, mmoja anasimulia, wengine wanajifanya shujaa, mchawi, mwizi. Pakiwa na shaka kama upanga umepata au umekosa, inarushwa dadu yenye pande 20. Nikamwambia, kumbe ni hadithi hadithi, hadithi njoo. Tofauti ni kwamba bibi yenu hakuhitaji dadu. Alimuua shujaa amtakaye, kisha akatuambia tukalale.

Dadu ya pande 20 Ruangwa haipatikani. Ipo ya ludo. Basi mpwa kanunua korosho zilizobanguliwa, kachagua 20 nzima, nyeupe, kaziandika namba kwa peni ya bluu, 1 hadi 20, kazitia kwenye kofia. Kofia yangu. Ukitaka kupiga unatia mkono bila kuangalia, unatoa korosho, unasoma, unairudisha. Kofia hiyo naivaa Ijumaa tu. Sasa inanukia bekari.

Tulikuwa watano pale barazani kwa dada. Mpwa ndiye msimulizi. Binti mmoja wa kwaya akasema yeye atakuwa shehe. Kijana anayesomesha madrasa akachagua kuwa mwizi, eti ibada anazo za kutosha nyumbani. Fundi simu akapangiwa Myahudi kwa sababu alichelewa. Mimi nikawa mshauri, yaani mtu anayekaa kiti kibovu.

Hadithi yao wameiweka Kilwa mwaka 1331, mwaka ule msafiri Ibn Battuta alipofika. Hapo nilimsifu mpwa, kwani wengine wangekimbilia ngome za theluji, na Kilwa ipo mkoani kwetu. Tatizo likaja kwenye watu wa dini. Katika mchezo wa Wamarekani, mtu wa Mungu anaponya majeraha, anafukuza wafu wanaotembea, na zamani alikatazwa upanga asije akamwaga damu, aliruhusiwa rungu. Nikauliza, rungu likikupiga utosini inatoka nini, juisi ya embe?

Mwaka 1980 wakatoa na kitabu cha miungu: ya Wagiriki, ya Wamisri, ya Wahindi, kila mmoja na idadi ya mapigo anayoweza kuyahimili kabla hajafa. Mungu wa Waislamu, Wakristo na Wayahudi hawakumgusa. Wajanja. Mtu mwenye akili anajua wa kumchokoza na wa kumwacha.

Mwaka 1992 wakajaribu Uarabu kwa mlango wa nyuma. Jeff Grubb akaandika Al-Qadim, nchi ya majini na jangwa, na huko watu wanaapa kwa Kudura, au tuseme Majaliwa. Nikamwambia mpwa neno hilo alitamke polepole. Hapa Ruangwa hata uwanja wa mpira unaitwa hivyo, watu watadhani unapiga kampeni.

Lakini kilichoniudhi ni mchawi wa humo. Wamempa jina la Kiarabu, *sha'ir*. Hilo ndilo neno letu la ushairi! Kazi yake ni kutuma kajini kadogo kakamletee uchawi, kama unavyomtuma mtoto dukani chumvi. Ndugu zangu, nimetunga mashairi miaka 30. Nimepanga vina vya kati na vya mwisho, nimehesabu mizani hadi usingizini. Sijapata jini hata wa kunichotea ndoo moja ya maji. Nilichopata ni kuombwa shairi la bure kila harusi, tena niambiwe nifupishe, kuna keki.

Tukaja kwa Myahudi. Pale Ruangwa hakuna aliyewahi kumwona. Mpwa akasema atakuwa mfanyabiashara wa Aden, maana Wayahudi walikuwepo Aden karne nyingi wakifanya biashara na India, kwa hiyo mmoja kupitia Kilwa kutafuta dhahabu ya Sofala si ajabu. Sawa. Nguvu yake nini? Fundi simu akasema fimbo ya Musa. Kijana wa madrasa akaruka: Nabii Musa ni wetu! Binti wa kwaya naye: Musa ni wetu, yumo kwenye Kutoka! Fundi akaomba pete ya Suleiman. Ina wenyewe. Zaburi ya Daudi? Ina wenyewe wawili. Yule maskini kila alichoshuka nacho jahazini alikuta kimeshagawanywa barazani. Akabaki anatutazama kama mtu aliyerudi safarini akakuta shamba lake la mikorosho lina chama cha ushirika, AMCOS.

Mwisho wakampa mtu wa udongo. Wayahudi wa Prague wana hadithi ya rabi wao, Yehuda Loew, aliyefinyanga mtu kwa udongo wa mto ili awalinde watu wake. Katika masimulizi yanayopendwa, mtu huyo huandikwa usoni *emet*, yaani ukweli. Ukitaka kumzima unafuta herufi ya kwanza, linabaki *met*, amekufa. Nikawaambia, sikilizeni vizuri. Met. Maiti. Kiarabu na Kiebrania ni watoto wa tumbo moja, na neno lile lile limetembea hadi kwenye jeneza letu la msikitini. Wote kimya. Ndiyo mara pekee siku ile nilionekana nimesoma. Kumbe nikifundisha mkono wangu hautulii, unashika chochote kilicho karibu, kumbukeni hilo.

Dada, akitoka jikoni, akauliza huyo wa udongo atachota maji? Tukamwambia atachota. Akauliza anauzwa wapi.

Sasa shehe. Binti wa kwaya alitaka arushe moto. Nikagoma. Wapi mmemwona shehe akirusha moto? Shehe wa kwetu anasoma, anapuliza, anakuuliza kama umesali alfajiri, anakuambia urudi Alhamisi na ubani. Mimi kabla ya mtihani wa darasa la saba nilinyweshwa kombe: aya zimeandikwa kwa zafarani ndani ya sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji, nikanywa wino wote. Hesabu nilifeli. Marehemu mama alisema bila kombe ningefeli na Kiswahili. Mpwa akaandika kwenye kauntabuku: kombe, pointi 4.

Nguvu ya kwetu, nikawaambia, haibomoi, inazuia na inarudisha. Simulizi za kale za Kilwa zinasema kisiwa kilinunuliwa kwa nguo za kukizunguka chote, na wakati huo maji yakipwa ulikuwa unavuka kwa miguu. Waliponunua wakamhofia mwenye nchi, Mrimba, asije akarudi na vita. Wakasoma Kurani, wakatoa sadaka, na mkondo ukawa hauvukiki tena. Basi. Hakuna aliyeungua. Mtu amefika ufukweni, amekuta maji, amerudi zake.

Mpwa akachangamka: kama ni maji, tutie na maji ya Kinjikitile, risasi zigeuke maji! Nikamwambia funga hilo daftari. Kinjikitile ni wa 1905, si 1331. Hiyo ni sababu ya kwanza. Ya pili, bibi yangu alisimuliwa na mama yake walivyochimba mizizi porini baada ya Wajerumani kuchoma vyakula. Hiyo haiokotwi kwenye kofia. Akafuta, na kwa haki yake alifuta bila kubisha.

Kuna mchezo mwingine, Ars Magica wa mwaka 1987, unaoigiza Ulaya ya zama za kati, na humo uchawi hunyong'onyea karibu na kanisa, msikiti au sinagogi. Huo niliupenda, ni kama wametuuliza sisi. Ila hatua ngapi? Fundi simu akasema ni mpaka spika inakofika. Binti akasema basi mtaani kwao spika imeungua tangu Mfungo Sita, ndiyo maana. Hakumalizia ndiyo maana nini.

Iliyotugombanisha ni halbadiri. Kusomewa majina ya wale 313 wa Badri hadi mwizi avimbe, nani ataipa pointi? Kijana wa madrasa akasema ni 20 kamili. Binti akasema si haki, dua ya padri wameipa 6. Nikawaambia haina pointi, kwa sababu kazi yake huanza kabla haijasomwa. Nilipokuwa mwalimu, shule yetu iliibiwa mabati sita. Ikatangazwa tu kwamba Ijumaa itasomwa halbadiri. Alhamisi alfajiri tukakuta mabati manane.

Wakakubaliana: halbadiri ni ile korosho namba 20, ukiitoa umeshinda. Binti akatia mkono. Kumi na nne. Fundi, tatu. Mwizi, tisa. Raundi kumi, hakuna ishirini. Mpwa akazimwaga mkekani, akahesabu. Kumi na tisa.

"Mjomba," akasema, "kuna mtu kala halbadiri."

Binti wa kwaya, akiwa bado ni shehe, akasimama akasema basi na isomwe. Alikuwa anatania. Kijana wa madrasa akasema hilo halitaniwi, akavaa kandambili zake. Fundi simu akainamisha kichwa, akasema ya korosho haijui, ila ile chaja ya jirani iliyopotea mwezi wa tatu anayo yeye.

Mimi nilikuwa nasikia ladha ya wino.

Nikasema jua linazama, niondoke. Mpwa akanikumbusha habari ya Sultani Hassan bin Suleiman, yule wa mwaka 1331, aliyeitwa Baba wa Vipawa kwa ukarimu, hadi fakiri wa Yemen alipomwomba nguo alizovaa akamvulia. Akafuatiwa na ndugu yake Daud, ambaye kwake waombaji waliambulia patupu. "Leo mimi ni Hassan," akasema, akatoa elfu kumi ya nauli. Mwaka wa nne sijawahi kuona noti mkononi mwa mtoto yule. Nikaikataa. Nikaongea nimefunga meno, ulimi usionekane.

Tangu siku hiyo sijavimba, nashukuru. Lakini jana tumbo liliunguruma usiku kucha, na mke wangu akauliza nimekula nini Ruangwa. Leo alfajiri nimempa bodaboda nusu kilo ya korosho, nyeupe, nzima nzima, aziweke barazani kwa dada kabla hapajapambazuka, na asiseme zimetoka kwa nani.