Wino wa Kudumu, Penzi la Msimu

Kijana wetu wa mjini akinunua simu huzunguka maduka mwezi mzima: anauliza kamera, anauliza betri, anaaga, anarudi kesho. Kuchora tatuu shingoni? Dakika tano. Ananyoosha kidole kwenye picha za ukutani: simba mwenye taji. Simba huyohuyo yuko kwa kinyozi wake, kwa bodaboda wake na kwa shemeji yake. Huo ndio mtindo wake binafsi.

Wamakonde wa zamani walichanja nyuso zao, na aliyeziona chale alijua huyu ni wa wapi. Simba wa ukutani anatuambia tu kwamba fundi alikuwa amefungua duka.

Wanaochora jina la mpenzi ndio kabisa. Wino huzama chini ya ngozi inayobanduka. Penzi lenyewe lilikuwa juujuu. Ukiona waridi jeusi limejaa bega zima, usiulize: chini yake amelala Zawadi.

Anza na hina, ndugu. Hufutika baada ya wiki mbili hivi. Penzi likiishinda hina, mwite fundi, ila mchague mpenzi mwenye jina fupi. Kulifunika ni rahisi.