Butare Ipi, Mwanangu?

Rwanda ina Butare mbili. Moja ni mji wa kusini uliopewa chuo kikuu mwaka 1963, na siku hizi unaitwa Huye. Nyingine ni yetu ya wilaya ya Rusizi, isiyo na chuo wala aliyebadilisha jina lake. Mwambie bwana wa benki ya uwekezaji kwamba umesoma Butare, atatikisa kichwa kwa heshima. Mwambie umezaliwa Butare, atatikisa vilevile, maana hajui hata moja. Yeye anajua Harvard, Wharton na, akiwa mpana wa mawazo, London.

Sasa tazama Bugarama, humuhumu Rusizi. Pale kuna kiwanda cha saruji cha Cimerwa, ambacho hisa zake ziliingia Soko la Hisa la Rwanda mwaka 2020. Kisha Waafrika Kusini wa kampuni ya PPC wakauza fungu lao kubwa la hisa hizo kwa kampuni ya Kenya. Mtoto wa Rusizi analijua vumbi la saruji tangu utotoni, lakini wa kukadiria thamani ya kiwanda ni kijana mwenye shahada ya mbali, ambaye kwanza itabidi aulize Rusizi iko wapi. Tutamwelekeza. Bure, bila kamisheni.