Kifurushi Kikiisha: Mwongozo kwa Familia Isiyojiandaa

Kwanza, usitaharuki. Kioo kikishaandika kwamba malipo yako yamekwisha, hakitabadili kauli kwa kukodolewa macho. Usikipige king'amuzi kofi, wala usimpandishe mtoto paani kuzungusha dishi. Dishi halina kosa. Zima ukutani, kaa, uhesabu watu waliomo sebuleni. Hapa familia nyingi hushtuka. Wamo wengi kuliko ilivyodhaniwa, na mmoja wao ni shemeji aliyekuja kwa wiki moja tangu Pasaka.

Hatari ya saa ya kwanza ni mazungumzo. Kwa miaka mingi taarifa ya habari ya saa mbili usiku imewasaidia baba na mama wasiongelee ada, na tamthilia iliyofuata ikawasaidia wasiongelee kodi. Sasa hakuna cha kumkatiza mtu. Ukisikia, "Hivi, baba watoto, zile hela za kikoba...", leta ungo wa mchele upesi. Kuchambua mchele ni kazi ya heshima: macho chini, vidole vinatafuta chuya na mawe, na mtu anaweza kunyamaza bila kudhaniwa kanuna. Baba asipewe kupepeta. Mchele utaishia kwa kuku.

Simu sizizungumzii. Bando litaisha saa tatu, na watarudi wote sebuleni wakiwa na hasira zaidi.

Jambo la pili, bibi asijue kwamba mmekwama. Bara hatukuwa na kituo cha televisheni hadi 1994. Zanzibar walikwishakuwa na televisheni, tena ya rangi, tangu miaka ya 1970, na hawajachoka kutukumbusha. Kwa hiyo bibi wa Bara ni bingwa wa jambo linalowatoa nyinyi jasho. Ukimwuliza, "Bibi, jioni mlikuwa mnafanya nini?" ujue swali hilo halina jibu fupi. Utapewa Mama na Mwana, utapewa Pwagu na Pwaguzi, vipindi vya Radio Tanzania, na redio moja iliyozungukwa na mtaa mzima, na betri zilizoanikwa juani mchana ili usiku zipate kusema. Akimaliza utangulizi huo, ataita, "Paukwa!" Wajukuu watajibu, "Nini?" Wafundisheni mapema kuitikia "Pakawa!", la sivyo ataanza kueleza malezi ya siku hizi, na hadithi ya sungura haitafika. Ikifika, mtoto aliyetoka kwenda chooni atataka arudishiwe nyuma. Bibi harudishi nyuma.

Vitendawili vinahitaji uangalifu zaidi, maana mtoto asiyejua jibu hutoa analolijua. Tuseme bibi anatega: "Nyumba yangu haina mlango." Jibu ni yai, limekuwa yai tangu enzi. Lakini mwanao wa darasa la pili atanyoosha mkono na kusema, "Ya baba, ya Kibaha!" Ni kweli, lile pagale halina mlango, wala dirisha, wala bati, na miti imeota chumbani. Shemeji atacheka kwa sauti. Hapo ndipo zile hela za kikoba zitakaporudi mezani. Basi tega wewe mwenyewe, tena vya matunda na wadudu tu. Bibi naye akitega mkashindwa, mpeni mji bila kubishana. Mpeni Tanga au Mwanza, aende, akaribishwe, ale pilau mbele yenu kwa maneno, nanyi awaachie ukoko. Mtu akimpa Chalinze atasema hapo ni pa kununua mishikaki tu basi likisimama, na mchezo utalala.

Kuhusu bao, nashauri baba mwenye cheo kazini asicheze mbele ya watu. Ubao una mashimo 32 na kete 64, na mtu akiutazama huona ni kazi ya kuhamisha komwe tu. Kuna bao la kujifunza, kete mbilimbili kila shimo, na hilo ndilo lenu. Lakini baba atataka bao la kiswahili, lile la kushika kete 22 mkononi na kunamua mojamoja, kwa sababu aliona wazee wakicheza kijiweni, tena aliwahi kuwaelekeza. Binti yake wa miaka kumi hatasema kitu. Atanamua kete, atazoa, atasambaza, atazoa tena, akizunguka hadi mama aje kuangalia. Baba atadai mashimo hayalingani. Ataomba wacheze la pili, kisha la tatu, na saa tano usiku ndiye atakayekuwa akibembeleza watoto wasiende kulala.

Mwisho, majirani. Kelele zenu zitavuka ukuta. Kesho yake jioni mama wa nyumba ya pili atagonga geti na watoto wake watatu, kila mmoja na kigoda, aulize mmelipia kifurushi gani maana jana mlikuwa mnacheka sana. Mwambieni ukweli, hakuna kifurushi. Hataamini. Atachungulia kioo cheusi, atatazama pembeni yake aone mmeficha nini, kisha ataketi na kungoja kianze.